Shosti, waambie waje Novemba

Shosti yangu mpenzi,

Za huko Temeke? Sisi huku tupo, kusi linavuma toka asubuhi mpaka unafunga madirisha mwenyewe, mama goti lake linaendelea vizuri, watoto wazima. Nimeamua nikuandikie kabisa maana juzi kwenye simu uliongea harakaharaka alafu salio likakata na mi nilikua bado nna la kusema. Ulisema bosi wako anapanga ziara ya yule staa mikoani na Mtwara na Lindi wamezitoa, kisa walipokuja mwezi wa sita uwanja haukujaa, eti watu wa kusini muziki hawaupendi. Shosti hiyo imeniuma mpaka usingizi ukakata.

Mwezi wa sita jamani! We si umekulia Chikongola hapahapa, unajua mwezi wa sita watu wanafanya nini. Ndo wakati wa kupulizia mikorosho. Baba mdogo yuko shamba kule Nanyamba na mashine mgongoni, kajifunga kitambaa puani, shati zima limekua njano kwa salfa, akirudi jioni anaoga na ile harufu haitoki. Hela yote iliyobaki imeenda kwenye mafuta ya mashine na vibarua, nyumbani wanakula kwa kukopa duka la jirani mpaka minada ya korosho ianze mwezi wa kumi. Sasa mtu kama huyo unamwambia atoe elfu kumi ya tiketi, na nauli, na ya kula, ya mke wake na watoto, atoe wapi? Haimaanishi hapendi muziki. Huyohuyo mje mumwone Novemba.

Mi nahisi hao wanaopanga ratiba wanaangalia za Ulaya. Kule kweli mwezi wa sita mpaka wa nane ndo kila staa yuko barabarani kwenye mafestivali, kwa sababu ndo kiangazi chao, shule zinafungwa, makazini watu wanachukua likizo, na jua linazama saa tatu usiku huko na dakika zake, kwaio mtu anashinda nje siku nzima. Cheki Dua Lipa, yule mwimbaji wa Uingereza, 2024, tarehe 28 Juni alikua Glastonbury kule Uingereza, ndani ya wiki mbili zilizofuata akawa ashapita kwenye mafestivali ya Ubelgiji, Poland, Hispania mpaka Ureno. Anaweza kwa sababu jukwaa halibebi yeye, anakuta wenye festivali washajenga, spika zipo, taa zipo, yeye anakuja na bendi na madansa na vifaa vyake anapiga muda aliopewa anampisha mwingine. Gharama inagawanyika kwa wasanii wengi, na watu wanakata tiketi kwa ajili ya wote. Hiyo ndo sehemu ya kuiga, ila wao wameiga mwezi!

Na hiyo Glastonbury yenyewe nimeifuatilia sana toka niangalie klipu za Burna Boy pale 2024 kwenye jukwaa lao kubwa lile la piramidi, na Ayra Starr mwaka huohuo, binti mdogo vile anaimba mbele ya bahari ya watu na wanamjibu, nililia shosti, sikufichi. Sasa unajua pale ni wapi? Ni shamba. Shamba kabisa la ng'ombe wa maziwa, la mzee anaitwa Michael Eavis, kijiji cha Pilton. Walianza 1970 tiketi pauni moja na unapewa maziwa bure, sahivi wanafika watu laki mbili hivi na tiketi ya 2024 ilikua pauni 355, ni zaidi ya milioni ya kwetu. Na kuna miaka hawafanyi kabisa, wanaacha ardhi ipumzike majani yaote, 2018 hawakufanya na 2026 pia. Yani festivali kubwa kama ile, mastaa dunia nzima wanaililia, na bado inalisikiliza shamba. Sasa kwa nini ziara ya Bongo isisikilize mkorosho?

Nikukumbushe Wasafi Festival 2018, ile ya kina Diamond. Walianzia wapi? Hapahapa Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona, tarehe 24 Novemba. Na we unakumbuka ile Novemba ilikua ya aina gani, siku chache kabla rais Magufuli kasema serikali inanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yanapita kwenda maghalani, mji mzima mazungumzo ni hayo mawili, korosho na Wasafi. Wengine walikua hawajashika hata senti bado ila walijua inakuja, wakakopana, wakaja. Mi nilikua namsaidia mama mkubwa kuuza nje ya ukuta. Pembeni yetu kuna mama kafunga khanga kiunoni, karai la mihogo linachemka, anamenya mhogo bila kuangalia kisu maana macho yote yako getini, kila gari jeusi likiingia anasema ndo yeye huyo ndo yeye huyo. Akamaliza mihogo mapema akamtuma mwanae kwa boda akaongeze mingine, nayo ikaisha. Gesti zilijaa, boda hawakulala, mafundi wa jukwaa waliotangulia na malori walikua wanakula kwetu kwa mkopo na kabla ya kuondoka wakalipa wote. Hiyo hela ilibaki hapa. Sio tu ya getini.

Sasa ukweli mwingine naomba umfikishie huyo bosi hata kama atanuna. Watu huku hawasahau. Alikuja msanii mmoja, jina naliacha, bango lilisema saa mbili usiku, akapanda saa nane kasoro, akapiga plebeki nyimbo chache, nusu yake anasema mikono juu mikono juu, akashuka gari ikaondoka. Kuna watu walitoka Mikindani na Msijute na watoto mgongoni, usafiri wa kurudi ushaisha, wakalala palepale nje kwenye vibaraza. Mtu kama yule ukimletea bango lingine mwakani na mwezi wa sita juu yake, haji, na ana haki. Hizo festivali za wenzetu mchana muziki unaanza, kila msanii ana saa yake imeandikwa, mtu anajua nikija saa kumi nitamkuta fulani. Huku mngeanza saa tisa alasiri mkamaliza saa tano usiku, mngewapata wamama, wazee, wanafunzi, wote ambao sahivi wanasikilizia nyumbani spika za mbali.

Na mpige laivu. Kusini watu wanajua ngoma, mtoto wa Kimakonde kazaliwa anasikia sindimba, hamumdanganyi na flashi. Sehemu hii ndo nnaitaka zaidi ya zote: vikundi vyetu vya ngoma visiwekwe saa nane mchana uwanja ukiwa mtupu kama kujaza nafasi wakati mafundi wanajaribu maiki. Viwekwe saa moja usiku watu wamejaa, kabla tu ya staa, na maiki zao zipimwe kama za staa zinavyopimwa. Umeshawahi kuona mapiko, yule mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago, anapotoka, lile kinyago linageuka upande wako na watoto wote wanakimbia wanacheka wanalia? Hamna taa ya Dar inayoweza kufanya ivo. Tamasha la Makuya lilikua linawakusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao uwanja mmoja na watu walikua wanakuja, kwaio isiwe tunaanzia sifuri.

Harmonize kila akisimama huko nje anajiita Konde Boy, yani kijana wa Kimakonde, Mtwara inatajwa na watu ambao hata kwenye ramani hawaijui. Nampenda kwa hilo. Ila mi nnachotaka ni yeye au yeyote mkubwa aje na bendi nzima Novemba, saa nzima na zaidi, hapa alipotoka.

Njia nishaiwaza. Wasije Mtwara peke yake wakarudi, ndo maana gharama inawashinda. Waanze Lindi pale uwanja wa Ilulu siku ya Alhamisi, Jumamosi Mtwara, Jumapili Masasi, Tandahimba na Newala watashuka wenyewe, alafu magari yaendelee Tunduru mpaka Songea, lami tupu, hawana haja ya kurudi nyuma. Jukwaa lilelile, spika zilezile, mafundi walewale. Na Novemba mvua huku inakua haijashika vizuri. Sio kama Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara ya kutoka Dar pale Somanga, mabasi yakalala njiani, mzigo wa jukwaa ungepitia wapi? Mwanzoni mwa Novemba ndo wakati, minada imeshaanza, watu wanaanza kulipwa, na anga bado iko safi.

Tiketi waweke elfu tano na wauze mapema kupitia simu na kwa mawakala mpaka vijijini, wapite hata kwenye vyama vya msingi vya wakulima siku za malipo ya korosho, pale watu wote wanakusanyika. Mi niko tayari kuzunguka nao bure, na dada yangu wa Ligula ana marafiki kwenye vikundi vya wamama, tunaweza kuongea nao wakapanga sehemu ya chakula vizuri, meza, maji ya kunawia, sio kila mtu anakimbizwa na mgambo.

We ongea nae akiwa ametulia, hasa asubuhi kabla simu hazijaanza. Usimwambie imetoka kwangu, mwambie ni wewe umefikiria, mi sina shida na hilo. Alafu niulizie yule jamaa wa spika wa Mbagala, jenereta la usiku mmoja anakodisha shilingi ngapi na akilileta Masasi anaongeza ngapi, unitumie kwa meseji nipige hesabu na wenzangu huku kabla mwezi haujaisha. Na zile vitenge ulizosema, nitumie kwa basi la asubuhi nitazipokea stendi mwenyewe.

Mama anakusalimia sana, kasema umpigie.

Ni mimi shosti wako,
Mtwara