Kipande cha Babu

Kihesa, Iringa

Tumpe rafiki yangu,

Habari za Tukuyu? Mama anaendeleaje na mgongo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza kuuma. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Lile shindano la insha nililokudokezea limenikalia kichwani mchana na usiku, na leo nakuandikia kwa sababu nakuhitaji.

Masharti yake ni haya: mwanafunzi achague kazi moja ya sanaa iliyotokana na wafanyakazi au na harakati za kudai haki, aeleze ni nani aliyeitengeneza, akiwa katika hali gani, na iliwafanyia nini walioiona au kuisikia. Maneno 1,500, mwisho wa mwezi.

Nilianza na Diego Rivera, yule Mmeksiko aliyechora kuta za jumba la sanaa la Detroit, Marekani, mwaka 1932 na 1933. Ni michoro 27 ya kiwanda cha magari na watu walioinamia mitambo. Nikajaza kurasa tatu. Nikaziacha, maana hakuna hata sentensi moja pale iliyotoka moyoni.

Nikafikiria ule wimbo wa mshikamano wa Mei Mosi. Unakumbuka mwaka 2018 sherehe za kitaifa zilipofanyika hapa, Uwanja wa Samora? Nilikuwa darasa la saba. Uwanja mzima ulisimama ukaimba, nami nikaimba bila kujua ninachoimba. Kumbe maneno yake yaliandikwa na Mmarekani Ralph Chaplin, akayakamilisha mwaka 1915, naye alikuwa mchoraji wa harakati hizo hizo za wafanyakazi. Ningeweza kuandika juu ya hilo, na huenda wengi wataandika.

Halafu nikaenda Njombe kumwona bibi.

Tumpe, bibi ana mkebe wa majani ya chai anaotunzia hati ya shamba. Chini kabisa kulikuwa na kikaratasi kigumu kimekunjwa mara mbili. Kipande cha babu! Kile cha mkonge, kadi ya kuhesabia siku za kazi. Unajua wazee wetu wengi walivyochukuliwa kwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ilikuwa mojawapo ya sehemu walizozitegemea. Waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alipewa namba. Kipande kilikuwa na visanduku 30. Kazi ya siku ikitimia, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Isipotimia, kinabaki kitupu, na mshahara unasubiri hadi vyote 30 vijae. Cha babu kimeishia cha 19. Bibi anasema aliugua.

Sasa geuza upande wa pili. Kuna mchoro wa kalamu ya risasi: mistari ya mkonge, mifupimifupi, kama meno ya kitana, na katikati mtu mmoja mwenye kisu. Mikono yake ni mirefu kupita kiasi, inakaribia magoti. Chini yake babu ameandika neno moja tu: *Mimi*.

Nililia pale pale jikoni. Upande mmoja ni namba, na mwenyewe kageuza karatasi akajiandika.

Mwalimu mmoja nilimwonyesha akasema hiyo si sanaa ya harakati, kwani hapakuwa na chama, bango wala mgomo. Ninamheshimu, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, liliundwa 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza, Rashidi Kawawa, mtu wa huku huku kusini, alikuwa ameigiza filamu kabla ya hapo. Sanaa na madai ya wafanyakazi havijawahi kuwa mbali. Na kabla mtu hajajiunga na wenzake kudai chochote, lazima kwanza akatae kuwa namba. Babu alikataa kwa kalamu ya risasi. Hiyo ndiyo insha yangu.

Ila sitaki babu asimame peke yake, na hapo ndipo ninapokuomba. Mama yako amechuma chai miaka mingi. Uliwahi kuniambia kwamba asubuhi wakiwa kwenye mistari kuna mmoja anayeanzisha wimbo na wengine wanajibu, na kwamba siku mzani wa kupimia majani ukiwa na matatizo maneno hubadilika. Mwombe akuimbie. Andika maneno kwa Kinyakyusa kama yalivyo, usiyanyooshe, kisha unifafanulie kwa Kiswahili. Muulize nani huanzisha, na msimamizi akipita inakuwaje. Asipotaka jina lake litajwe, halitatajwa. Wenzake nao waombwe kwanza kabla hujawasha simu kurekodi.

Na yule mzee jirani yenu aliyekwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, bado yupo? Kama anapokea wageni, nitapanda basi Jumamosi ya wiki ijayo nije tumsikilize pamoja. Nitakuletea unga wa ulezi.

Nimekuwekea picha ya kipande ndani ya bahasha, pande zote mbili. Iangalie mahali penye mwanga, hasa ule mkono wa kushoto: amefuta na kuchora upya mara nyingi hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Msalimie sana mama.

Wako,
Neema