Jumamosi mtoni: soma kabla ya kuja

Habari zenu wote. Jumamosi tunaingia maji yanayokimbia, si yale matulivu tuliyozoea. Pigeni magoti badala ya kukaa vitini, mtumbwi utatulia. Mkisukumwa kwenye mwamba, egemeeni huohuo mwamba. Najua mwili utataka kukwepa. Ukiuachia, ukingo wa upande maji yanakotoka unazama na mtumbwi unajaa. Ukishajaa una uzito wa mamia ya kilo, kwa hiyo mkipinduka msikae kamwe kati yake na mwamba.

Ukiwa majini, elea chali, miguu mbele na juu. Usisimame mpaka maji yawe chini ya magoti: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi.

Mimi mti ulioanguka mtoni nauogopa kuliko miamba. Maji yanapita kwenye matawi, mtu hapiti. Tukiuona, tunatoka na kubeba mitumbwi nchi kavu.

Jaketi za kuokolea zifungwe mpaka juu. Asiye na helmeti aniambie kabla ya Ijumaa. Mto ukiwa umefurika tunaahirisha, na hapo sibembelezeki.