Risala ya Wakulima wa Mahindi na Maharage kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Kata na Kijiji, Bwana Shamba wetu, wakulima wenzetu,

Karibu Nyanda za Juu Kusini, karibu shambani. Leo tuna jambo moja la kukueleza: udongo. Mavuno yakipungua tunakimbilia panga, tunafyeka pori kuongeza ekari. Kumbe ekari za zamani zipo palepale. Zimechoka, na uchovu wake unapimika.

Mheshimiwa, mvua nyingi za huku huchuja kalsiamu na kuipeleka chini kusikofikiwa na mizizi. Mbolea kama SA (salfeti ya amonia) nayo, ikirudiwa kila msimu, huongeza tindikali. pH ni kipimo cha tindikali: kadiri inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hung'ang'aniwa na udongo. Ndiyo maana mtu anaweka DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na bado mahindi yake machanga yana majani ya zambarau. Mbolea ipo, ila imefungwa.

Kupima kunaanza na sampuli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Pita shamba kwa zigizaga, chimba sehemu 15, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, njia, chini ya miti na pale palipokuwa zizi. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, toa nusu kilo, anika kivulini. Mteremko na bonde ni sampuli mbili. Ukizichanganya, maabara itakupa majibu ya shamba ambalo halipo.

Dawa ya tindikali ni chokaa ya kilimo. Kipimo ndicho kinachoamua kiasi, lakini kwa pH ya karibu 5 makadirio ya kuanzia ni kilo 800 kwa ekari, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Imwagwe sawasawa na kuchanganywa na udongo angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda, kwani huyeyuka polepole. Isikutanishwe na mbolea ya urea, naitrojeni yake itapotelea hewani. Ikizidi, zinki hukosekana na majani machanga hutoa mistari myeupe. Na kama shamba lina chai, liache na tindikali yake, chai inaipenda. Maharage ndiyo hayaivumilii.

Samadi na mabaki ya mahindi vibaki shambani, visichomwe. Chokaa haiwezi kufanya kazi ya mboji.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Kwanza, Bwana Shamba wetu apatiwe kipima pH cha kutembea nacho, ili sampuli zinazohitaji uchunguzi zaidi ndizo zisafirishwe kwenda maabara kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano, Tanga. Pili, chokaa ifike kwa mawakala wa pembejeo ifikapo Septemba. Ikija Novemba pamoja na mbegu, msimu huo imeshachelewa.

Tunaomba kuwasilisha.