Kwa Vijana Mnaosajili Chama: Ikulu Isubiri

Wajukuu zangu,

Nasikia mmeshapata jina, rangi na mgombea urais. Huyo wa urais mwekeni kando kwanza. Tafuteni viti thelathini vya Bunge mwaka 2027, na mkivipata msivigawe usiku wa kwanza.

Nilikuwa diwani kabla ya hizi kaunti. Siku ya bajeti karani akahesabu mikono: saba huku, saba kule. Sisi watatu wa kona mikono tumeilaza mapajani. Mwenyekiti akatoa leso, akajipangusa jasho. "Haya, mwataka nini?" Kisima cha soko na taa za stendi ya matatu. Tulivipata kabla ya adhana ya alasiri. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja akapewa unaibu mwenyekiti. Tukabaki wawili, na hakuna aliyetuuliza tena tunataka nini.

Ya uchaguzi wa 2022 mnayakumbuka. Azimio, muungano wa Raila, walitoka na wabunge 171; Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, 165. Wabunge 14 wa vyama vidogo vinne vya Azimio wakavuka, na Oktoba Spika akatangaza Kenya Kwanza 179, Azimio 157. Watu kumi na wanne tu, ufunguo wa Bunge zima mfukoni mwao! Lakini vyama vyao vilikuwa vimetia saini mkataba wa Azimio kabla ya kura, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba walio wengi ni Azimio. Kwa hivyo saini yenu isionekane kwenye muungano wowote kabla ya uchaguzi. Baadaye kila mswada uwe na bei yake, nayo itajwe hadharani, raia wasikie.

Mtaniambia: mzee, thelathini kati ya 349? Zinazohesabiwa ni kura za waliomo ukumbini, na akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni 50 tu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita Juni 25, nyinyi mko barabarani mkiupinga, kwa 195 dhidi ya 106. Wangehama 45 kutoka ndiyo kwenda hapana, ungeanguka. Tuseme thelathini hao mngekuwa mmewang'oa upande wa ndiyo: wamebaki 15 wa kubembelezwa. Kazi, ndiyo, lakini ni kazi ya maongezi juu ya kikombe cha chai, si ya kuvuta moshi wa vitoa machozi.

Jumamosi nipo barazani baada ya alasiri. Njooni na orodha ya maeneobunge. Mabango yaacheni nyumbani.