Yah: Malalamiko Kuhusu BMW M3 Niliyonunua Kwenu na Nilivyotendewa Gereji

Kwa Meneja Mkuu,
Mauzo ya Magari Yaliyotumika na Gereji

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sitaanza na historia ndefu. Faili langu mnalo, mkataba wa mauzo mnao, na masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kukusomea. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu kila nikiandika kwa idara yenu ya huduma kwa wateja narudishiwa ujumbe uleule wa kunishukuru kwa "maoni" yangu. Haya si maoni.

Gari ni M3 ya milango minne ya mwaka 2009, ile inayojulikana kama E90, yenye injini ya S65: V8 ya cc 3,999, nguvu farasi 420, na nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 8,300 kwa dakika. Anayeuza gari la namna hii anajua, au angepaswa kujua, kwamba injini inayozunguka kiasi hicho haipewi oili yoyote iliyobaki kwenye pipa. Inataka oili nzito ya daraja la 10W-60, lita 8.8 ukibadilisha pamoja na filta. Ankara yenu ya sevisi, ambayo nimeiambatanisha, imeandikwa 5W-30, oili nyepesi zaidi. Nimeisoma mara nyingi nikitumaini ni makosa ya kuchapa. Si ya kuchapa, na nitaeleza nimejuaje.

Nilichokuja kulalamikia baada ya sevisi hiyo ni mlio. Kila asubuhi nikiwasha gari kulikuwa na kugonga kwa chini, sekunde chache, halafu kunapotea. Mkuu wa gereji yenu aliipokea ankara, akaitazama juu juu, akaniambia "oili ni oili tu." Akachukua funguo akatoka nje. Gari lilikuwa limelala hapo kwenu usiku kucha, injini ya baridi kabisa. Akaliwasha, na kabla halijatulia akakanyaga mafuta mpaka mshale ukafika mwisho. Akaniuliza mbele ya wateja wengine, "Haya, umesikia nini?" Akazima, akarudi kaunta, akaniambia magari ya aina hii si ya kila mtu. Karatasi ya kazi mliyonipa inasema: "Limejaribiwa, hakuna hitilafu."

Hilo ndilo jaribio nililolipia.

Baada ya hapo nilitoa sampuli ya oili nikaipeleka maabara. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari kinachoweka madaraja ya oili, oili ya daraja la 60 ikipimwa kwenye joto la nyuzi 100 mnato wake, yaani uzito wa kutiririka, hautakiwi kushuka chini ya 21.9, daraja la 30 linaanzia 9.3 na halifiki 12.5. Iliyokuwa ndani ya injini yangu ilitoka 11 na ushee. Kwa hiyo ankara yenu, angalau, ilisema kweli. Ripoti hiyohiyo inaonyesha madini ya risasi na shaba yamezidi, na maabara wenyewe wameweka alama. Mafundi wenu wanajua madini hayo yanatoka wapi. Beringi za konrodi (zile fimbo za chuma zinazounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) kwenye S65 za miaka ile ni za risasi na shaba, na zikianza kulika, zinakwenda kwenye oili. Kinachotangulia ni vumbi hilo, kinachofuata ni kugonga, na kinachofuata hapo ni konrodi kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Bloku ikishatobolewa hakuna cha kutengeneza, ni kutafuta injini nyingine.

Najua watu wenye magari haya wanabishana sana kuhusu beringi hizo. Wapo wanaosema nafasi kati ya beringi na krenki ni finyu mno, wapo wanaosema 10W-60 ni nzito kuliko inavyohitajika, wapo wanaozibadilisha mapema hata kama hakuna mlio. Wabishane. Mimi sikuja gereji kushiriki mjadala, nilikuja kulipia sevisi ya kitabu, na mkanitoza kana kwamba ni ya kitabu. Tena katika mabishano yote hayo sijamsikia hata mmoja anayetetea kuipiga resi ikiwa baridi.

Turudi nyuma kidogo. Siku mliyoniuzia gari hili muuzaji wenu alinifungulia kitabu cha sevisi, akanionyesha mihuri ukurasa baada ya ukurasa, akasema gari limetunzwa na hapa ndipo litakapoendelea kutunzwa. Nililipa zaidi ya bei ya magari mengine ya aina hiyo kwa sababu ya maneno hayo na kwa sababu ya waranti. Sasa kwenye kitabu hichohicho kuna muhuri wa gereji yenu unaothibitisha sevisi ambayo ripoti ya maabara inaikana. Siku nikitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili atauliza, na nitamjibu nini? Muhuri wenu umeshusha thamani ya gari langu, hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Betri nayo. Mlifunga mpya, mkanitoza mpya, na hamkuisajili kwenye kompyuta ya gari. Gari hili lina kihisi kwenye waya wa betri. Likiwa halijaambiwa betri imebadilishwa linaendelea kuchaji kama vile ni ile kuukuu. Ni kazi ya dakika chache kwa mashine mliyonayo ukutani. Na taa ya injini: gari likapoteza nguvu njiani, mkafuta kumbukumbu ya hitilafu, mkanikabidhi, taa ikarudi. Injini hii ina mota mbili za kuendesha throto, vile vifuniko vinavyoingiza hewa, moja kwa kila upande wa silinda 4. Hakuna aliyezipima. Kufuta hitilafu si kutengeneza, Ndugu Meneja, ni kumziba mdomo mgonjwa anayelalamika maumivu.

Lakini yote hayo ningeyavumilia, hata betri. Nisiloweza kulivumilia ni lile la asubuhi ile, na naomba ulisome tena kwa sababu mara ya kwanza nimeandika kwa kujizuia.

M3 ina kitu ambacho magari mengi hayana: kwenye saa ya mizunguko kuna taa ndogo za rangi ya chungwa zinazoonyesha mwisho wa kukanyaga. Ukiwasha gari la baridi zinawaka nyingi, na oili ikipata joto zinazima moja baada ya nyingine. Chini yake, mahali ambapo magari mengine ya familia hiyo yanaonyesha matumizi ya mafuta, hili lina kipimo cha joto la oili. Watengenezaji hawakuviweka hivyo kwa urembo. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa dereva, kioo kiko chini, naviona vyote viwili. Mshale wa joto umelala chini kabisa. Taa zote zinawaka. Mkuu wa gereji yenu amekaa ndani, taa hizo ziko mbele ya macho yake, na mguu wake unashuka. Nilimwinulia mkono. Nilimwambia, "Mzee, subiri, bado ya baridi." Akaniangalia, akatabasamu, akakanyaga kwa mara ya pili, safari hii akaushikilia mguu pale chini. Kijana mmoja wa gereji aliyekuwa na kitambaa mkononi aliinamisha kichwa. Yeye alielewa kinachotendeka. Watu waliokuwa wakisubiri magari yao walitoka kuangalia. Na mlio ulikuwepo! Uligonga mwanzoni kabla ya kelele za ekzosi kuufunika, nami nikaunyooshea kidole, na ndipo akauliza, "Haya, umesikia nini?" Hakuuliza ajibiwe. Aliuliza wacheke, na wawili watatu wakacheka.

Halafu kaunta. Hakunipa funguo mkononi, alizisukuma juu ya meza zikateleza mpaka zikagonga kompyuta. Akasema magari haya si ya kila mtu, ningechukua la kawaida tu. Pesa yangu ilipopokewa kwenye kaunta hiyohiyo hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mtu wa magari haya.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: mnirudishie malipo ya sevisi, na mkuu wa gereji aniombe radhi kwa maandishi. Hayo bado nayataka. Ila nikisoma nilichokiandika naona hayatoshi.

Nataka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ishushwe na beringi zote za konrodi zikaguliwe, na kazi hiyo isifanyike kwenu. Itafanyika kwenye gereji nitakayoichagua mimi, kwa gharama yenu, nami nikiwepo. Zikikutwa zimelika zibadilishwe zote pamoja na boliti mpya za konrodi, maana boliti hizo zikishakazwa mara moja hazirudiwi. Krenki ipimwe. Oili iwekwe ya 10W-60 na jina la oili liandikwe kwenye ankara, si "oili" tu. Betri isajiliwe, mota za throto zipimwe. Karatasi ya kazi inayosema "hakuna hitilafu" ifutwe kwa barua rasmi, na barua hiyo ikae kwenye kumbukumbu za gari.

Krenki ikikutwa imeharibika, sitaki ukarabati tena. Mtachukua gari lenu na kunirudishia pesa yote niliyolinunulia, pamoja na za ankara zenu zote. Na msije mkaniambia waranti haihusu "uchakavu wa kawaida." Oili isiyo ya injini si uchakavu. Kukanyagiwa injini ya baridi mpaka mwisho, na mtu wenu, ndani ya eneo lenu, mbele ya mashahidi, si uchakavu. Uwanja ule una kamera juu ya lango. Natoa taarifa rasmi kupitia barua hii kwamba picha za asubuhi ile zihifadhiwe. Zikipotea nitajua maana yake, na wakili wangu naye atajua.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maana, nakala ya barua, ankara, karatasi ya kazi na ripoti ya maabara vitakwenda kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji, na madai yatafunguliwa mahakamani. Hapo sitadai sevisi tu. Nitadai gari, hasara na gharama za kesi. Tena nikilipwa baada ya kufika huko, sitasaini karatasi yoyote ya kunitaka nikae kimya.

Gari limeegeshwa na halitawashwa mpaka lifunguliwe chini. Mkitaka kulihamisha leteni gari la kubebea, na dereva wenu asije akaomba funguo.

Nasubiri jibu lenye sahihi yako.

Wako katika madai,

Mmiliki wa gari

Viambatanisho: ankara ya sevisi, karatasi ya kazi, ripoti ya maabara, nakala ya kurasa za kitabu cha sevisi.

Nakala: Wakili wangu.