Kava ya albamu si bango la shoo

Kwetu sisi tunaobuni na kuchapa kava na vipeperushi, ujumbe wa WhatsApp huingia hivi: "Boss, nataka kava ya albamu. Weka picha yangu, majina ya wasanii niliowashirikisha, nembo ya studio, namba ya simu, na uandike 'Sasa iko sokoni'." Baada ya muda huyohuyo anaagiza kipeperushi cha uzinduzi, na hapo mambo yanageuka: uso wake ujae karatasi nzima, halafu mahali na saa vijibanze kule chini kwa herufi za kutafutiwa miwani. Kava imebebeshwa kazi ya kipeperushi, na kipeperushi kimefanywa kava.

Kipeperushi kinajibu maswali: nani, wapi, lini, pesa ngapi. Kava haijibu swali lolote. Kazi yake ni kutambulika, mtu aione mara ya pili na ya tatu aseme huyu ni fulani, kabla hata hajasoma jina.

Mazoea ya kujaza kava yana asili yake, na asili hiyo iko papa hapa River Road, Nairobi. Enzi za kanda, mnunuzi aliishika kava mkononi dukani. Karatasi ile ya mbele ilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi, na sanduku la posta lililochapwa pale ndiyo njia ambayo mtu wa Nyeri au Homa Bay angemfikia mtayarishaji. Ilikuwa na maana. Leo kava ni mraba kwenye simu. Wasambazaji wa muziki mtandaoni huomba faili ya pikseli 3,000 kwa 3,000, lakini kwenye orodha ya nyimbo msikilizaji anaona kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Tena Apple Music haitaki kava yenye bei, anwani ya tovuti au maneno ya kujitangaza. Kwa hiyo hilo "Sasa iko sokoni" laweza kuwa ndilo linalouzuia wimbo wako kufika sokoni.

Jaribio letu ni rahisi. Tunaipunguza kava hadi upana wa sentimita moja, tunashusha mwanga wa simu, tunampa mtu asiyeijua kazi hiyo. Akikodoa macho, kuna kitu lazima kiondoke. Mara nyingi ni ule moshi, cheche na mabawa ambayo kila mtu anayaomba, na ambayo yakishapungua hivyo yanabaki kuwa uchafu tu kwenye picha.

Kupunguza si umaskini wa ubunifu. Kampuni ya Blue Note ya New York, iliyorekodi jazi, ilijenga sura yake katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kava ambazo nyingi zilikuwa na picha ya Francis Wolff, herufi zilizopangwa kwa ujasiri na Reid Miles, na rangi chache mno. Mara nyingi Miles aliiacha sehemu kubwa ya mraba wazi. Uwazi huo ndio unaolipeleka jicho kwenye jina. Wateja wetu wakiona nafasi tupu huuliza, "Hapa mbona hujaweka kitu?" Tumeweka, ndugu. Tumeweka nafasi.

Kuhusu rangi, neno moja linatosha: tofauti ya mwanga. Nyekundu juu ya nyeusi hupendeza kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa, lakini ukiigeuza picha iwe ya kijivu, maandishi yanazama. Njano au nyeupe juu ya nyeusi husomeka hata ukiwa umeketi dirishani mwa matatu jua likikupiga usoni. Ukitaka nyekundu yako kwa udi na uvumba, iweke iwe uwanja, maandishi yawe meupe.

Sasa kipeperushi, ambapo hasara ni ya pesa taslimu.

Anza na saa. Ukiandika "Kuanzia saa 8" Nairobi, nusu ya watu wanasoma mchana na nusu wanasoma saa mbili usiku, kwa sababu sote tunaishi na saa za aina mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kizungu. Andika "saa 2 usiku", neno "usiku" likiwa na ukubwa uleule wa tarakimu. Usiku wa manane ni mtego mkubwa zaidi: "Ijumaa saa 6 usiku" ni Ijumaa ipi, ile inayoisha au ile inayoanza? Shoo ya namna hiyo tunaiandika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", hata kama inakula mstari mzima.

Halafu mahali. "Kasarani" peke yake haitoshi. Mmoja ataelewa uwanja wa michezo, mwingine atashukia mtaani. Taja jina la ukumbi, barabara, na kitu ambacho kondakta anakijua. Ramani ndogo tunaikataa karibu kila mara, haisomeki.

Majina ya wasanii ndiyo vita yenyewe. Kuna madijei wanane, kila mmoja na meneja wake, kila meneja anataka jina la mtu wake liwe kubwa. Wote wakiwa wakubwa, hakuna mkubwa. Sisi tunamuuliza mwandalizi swali moja: ni nani atakayemfanya mtu wa Rongai atoke nyumbani usiku huo? Huyo anapata jina kubwa na picha. Waliobaki wanapangwa kwa alfabeti, herufi saizi moja, bila picha, na lawama mwandalizi anaweza kutusukumia sisi. Wadhamini wanakaa ukingo wa chini, nembo zote kwa rangi moja, la sivyo zinapigana na jina la msanii.

Kiingilio kiandikwe chote: bei ya mapema, bei ya langoni, na namba ya till (ya kulipia) ya M-Pesa, tarakimu zikiwa zimetenganishwa ili isomeke bila kuhesabu kwa kidole. Msimbo wa QR usiwe chini ya sentimita mbili, na usiuweke juu ya picha.

Kuhusu uchapaji, ile kijani ya kumeremeta unayoipenda kwenye simu haipo kwenye karatasi. Simu inachanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine inachanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na wino hauwezi kuwaka. Tunakuonyesha sampuli iliyochapwa kabla ya kuchapa zote. Mchoro wa A5 nao unahitaji milimita 3 za ziada kila upande, kisu kisije kikaacha mstari mweupe au kikala namba ya simu.

Picha itume kama dokumenti, maana WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na uso unaota ukungu kwenye karatasi. Iwe picha yako au ya mpiga picha aliyekuruhusu, si ya kuokotwa Google. Tukikutumia sampuli, soma tarehe na namba ya till kwa sauti kabla ya kujibu "sawa", kwa sababu ukishajibu tunawasha mashine.