Mzee wangu, hatuzururi: tunaongea

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzee aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita, kwamba vijana tuliooana juzi tunamaliza mafuta Jumapili kwa kuzunguka mjini bila safari ya maana, halafu Jumatatu tunakopa nauli. Shikamoo yake kwanza. La kukopa nauli ametupatia, sikatai. La safari isiyo na maana ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Mimi na mume wangu tuna mwaka mmoja na miezi minne kwenye ndoa. Tumepanga Tabata Kimanga, hapa Dar es Salaam, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji watano na choo kimoja uani. Sebuleni analala shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anasoma chuo. Kijana mzuri, hata ndoo za maji ananibebea, lakini ndiyo hivyo, yupo. Na ukuta wa chumbani kwetu haukufika kwenye bati. Ukipiga chafya usiku, mama wa chumba cha pili anakuitikia. Sasa mzee wangu, neno la mke na mume mnalisemea wapi? Miezi ya kwanza tulikuwa tunaandikiana meseji tumelala kitanda kimoja, tumegeuziana migongo ili mwanga wa simu usimsumbue mwenzio.

Gari tulilipata mwaka jana, Toyota IST namba D, kwa hela ya mchezo wa kuchangiana kwa zamu niliyopokea mimi na mkopo aliochukua yeye kazini. Siku za kazi linalala uani chini ya turubai; sote wawili tunabanana kwenye daladala kama watu wengine. Jumapili mchana ndipo turubai linapotolewa. Na hatuondoki kichwa kichwa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wakitangaza bei ya mafuta, mume wangu anaitazama kabla hajatazama matokeo ya mpira. Ikipanda, mwezi huo tunaishia Pugu. Ikishuka, tunaweza kuvuka hata Bunju tukala samaki Bagamoyo.

Njia yetu ya kawaida ni hii: tunashika barabara ya Mandela, Buguruni, makutano ya TAZARA, tunavuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, tunakunywa dafu, jioni tunarudi na pantoni. Mzee ataona ni kuzunguka tu. Lakini akiniuliza uamuzi wa kusubiri kidogo kabla ya kupata mtoto tuliufikia wapi, nitamwambia: TAZARA, chini ya Daraja la Mfugale, trafiki ametushikilia zaidi ya dakika ishirini, lori la kontena mbele, lori la kontena nyuma. Nyumbani tungeanza saa ngapi mazungumzo yale? Kabla ya taarifa ya habari au baada ya shemeji kumaliza kula?

Na lile deni ambalo mume wangu aliingia kwa ajili ya matibabu ya mama yake bila kuniambia, nililisikia kwenye pantoni. Alikuwa amezima gari, watu wa miguu wamejaa pande zote, kijana wa karanga anagonga kioo, na Kigamboni imeshaachiwa nyuma. Akasema, "Mke wangu, kuna kitu nataka kukuambia, ila usishuke." Nishuke niende wapi, baharini? Nikagundua alipachagua makusudi. Nilinuna mpaka tukapita soko la samaki la Feri, nikanuna barabara nzima ya Barack Obama. Tulipofika juu ya Daraja la Tanzanite nikamuuliza kimebaki kiasi gani. Daraja lenyewe ni kilomita moja na kidogo, dakika mbili limekwisha, lakini tulipotokea upande wa pili tulikuwa tumeshakubaliana mchezo wangu wa mwezi wa kumi ukalipe.

Kwa hiyo ile si safari ya bure. Gari ndiyo chumba chetu chenye mlango unaofungika.

Kuna watu wanatuambia tupande treni, na tumepanda. Mwaka 2024 SGR, treni ya umeme, ilipoanza tulikwenda Morogoro tukarudi siku ileile: 13,000 kila mtu, watu wawili kwenda na kurudi 52,000. Raha sana, milima unaiona vizuri. Ila behewa ni la watu wote. Tulifika Morogoro tunajua habari za ndoa ya abiria mwingine, ya kwetu hatujaigusa.

Lakini Mhariri, sikuandika kwa ajili ya mzee peke yake. Mwezi uliopita tulisimama sehemu moja ya ufukweni, sitapataja, saa kumi na mbili na nusu jioni. Sehemu ya wazi, watoto wanacheza mpira, magari mengine kama sita yapo. Tumeshusha vioo, mume wangu ameshika mhogo wa kukaanga kwa mkono wa kulia, mimi nimeshika kachumbari kwenye kifuko cha nailoni nachuruzia pilipili. Wakaja vijana wawili wenye virungu na fulana zinazofanana, kitambulisho hakuna.

"Bro, huyu dada nani yako?"

"Mke wangu."

"Mna cheti?"

Mume wangu ni mpole kupita kiasi, akaanza kuwaeleza kwamba cheti kipo nyumbani, juu ya kabati, kwenye begi la nguo za harusi. Kana kwamba wangemsindikiza wakakione! Wakasema basi tuelewane, tuwaachie hata elfu kumi ya maji, vinginevyo gari linaondoka nao. Nilitetemeka. Sikutetemeka kwa woga, ni ile aibu ya kuangaliwa na mtu aliye mdogo kwangu kama niliyeokotwa njiani, na pete ipo kidoleni imepakaa mafuta ya mhogo.

Kilichotuokoa ni shemeji. Simu ilikuwa imeunganishwa na redio ya gari, ikaita, nikapokea, sauti ikajaa mpaka nje: "Shemeji, unga mmeuweka wapi? Na kaka mwambie LUKU imebaki uniti mbili."

Wale vijana wakatazamana. Mmoja akacheka, akamwambia mwenzake, "Twende bwana, hawa wameoana kweli." Wakaondoka, na kipande kimoja cha mhogo wakachukua.

Tulicheka njia nzima. Lakini kesho yake nilikwenda stesheneri nikatoa kopi ya cheti cha ndoa, na sasa ipo ndani ya dashibodi pamoja na kadi ya gari. Kila nikifungua kutafuta tishu naiona, nakasirika upya. Sheria ya Ndoa yenyewe, ya mwaka 1971, inasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, inadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hao cheti watakitoa wapi wakisimamishwa ufukweni? Na hata kama ni wachumba tu, wanaokula mhogo mchana kweupe, wamemkosea nani?

Najua vibaka wapo na doria inahitajika, sipingi. Wakija kuniambia dada funga vioo hapa si salama, nitawashukuru na soda nitawanunulia kwa hiari yangu. Ninachowaomba wanaosimamia fukwe zetu ni kwamba anayeshika kirungu avae na kitambulisho, anayechukua hela atoe risiti, na maswali ya ndoa wawaachie wazazi wetu, ambao tayari wanayauliza ya kutosha.

Halafu watuwekee viti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na nadhani wengi wao wanaishi kwenye kuta zisizofika batini kama mimi. Ukitaka kukaa na mwenzio hapa mjini ni lazima uagize kitu. Chupa ikiisha mhudumu anakuja kufuta meza ambayo haijachafuka. Viti vya zege vinatosha, na taa moja inayowaka, na choo. Wasio na gari wakapate pa kusemea mambo yao.

Mzee wangu namwalika. Jumapili ijayo ni zamu yangu kuendesha, tunatoka nyumbani saa tisa kwenda Kigamboni, na siti ya nyuma iko wazi. Tukifika TAZARA tutamwomba azibe masikio kidogo, maana kuna habari ya kumtafutia shemeji chumba chake.

Msomaji wenu,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam